Vizazi vitatu chini ya mti mmoja: tubebe redio, spika, hedifoni au gitaa?

Spika ilikuwa mita nane hivi kutoka kwenye kiti cha baba yangu. Binti yangu ndiye aliyeiweka huko, kando ya wenzake, na wimbo ulikuwa wa kwake.

"Mjukuu wangu," mzee akaita, "huyu anaimba au anaguguna?"

Binti akafanya ambalo wengi wetu tungefanya: akaongeza sauti. Spika ikaanza kukoroma, ndege wakahama mti, na mzee akabaki na swali lake. "Nasikia ta-ta-ta tu. Maneno sijapata hata moja."

Nikainyanyua ile spika, nikaiweka juu ya jiwe karibu na kiti chake, kama mita moja kutoka sikioni, kisha nikashusha sauti hadi chini ya pale ilipoanzia. Wimbo ukaenda mpaka mwisho. Mzee akakuna kidevu, akasema, "Kumbe kijana wa watu kakimbiwa, naye bado anatunza funguo za mlango." Binti akaangua kicheko: "Ndiyo wimbo wenyewe huo, Babu!" Wiki nzima alikuwa ameamini kwamba babu yake hataki muziki wa sasa.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu watu huniuliza spika gani nzuri ya kutoka nayo, nami huwajibu kwa maswali mawili: watasikiliza akina nani, na watakaa umbali gani? Bei na rangi ni mambo ya baadaye. Nimebeba karibu kila kitu kinachotoa sauti, na nilichogundua ni kwamba chombo chenyewe kina upande katika ugomvi wa vizazi. Kipo kinachopendelea nyimbo za wazee na kipo kinachopendelea za vijana, hata kabla mtu hajabonyeza kitufe. Ukijua kila kimoja kinampendelea nani, kuchagua kunakuwa rahisi.

Nje hakuna kuta

Sebuleni sauti ina wasaidizi. Inagonga ukuta, dari na sakafu, inarudi na kuongezeka juu ya ile inayotoka kwenye spika. Nje ikishatoka imekwenda. Kwa chanzo kidogo kama spika ya mkononi, kila umbali unapoongezeka mara mbili sauti hupungua kwa takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Kutoka mita 8 hadi 4 unapata 6, kutoka 4 hadi 2 unapata 6 nyingine, kutoka 2 hadi 1 nyingine tena. Kwa hiyo kuhamisha spika kutoka kwa vijana hadi kwenye jiwe la mzee kulimwongezea desibeli 18 bure. Kuzipata desibeli hizo kwa umeme ni hesabu nyingine kabisa, kwani kila desibeli 10 zinadai nguvu mara 10. Desibeli 18 ni nguvu mara 63, yaani spika ya wati 10 ingebidi iwe ya wati zaidi ya 600.

Besi, yaani sauti nene za chini, ndiyo inayoumia zaidi. Mdundo wa hezi 50 (mitetemo 50 kwa sekunde) una mawimbi ya karibu mita 7 kila moja, na kispika cha ukubwa wa ngumi hakiwezi kusukuma hewa ya kutosha kuubeba, sembuse mahali pasipo ukuta wa kuurudisha. Ukikiegemeza kwenye ukuta wowote ulio jirani, au ukikiweka kwenye pembe ambapo kuta mbili zinakutana, besi inarudi kwa kiasi cha kushangaza. Ukikiweka chini kwenye nyasi, nyasi zinameza sauti nyembamba zinazobeba maneno. Kwa hiyo wanaotaka kucheza wakiweke ukutani, wanaotaka kusikiliza mashairi wakipandishe juu ya kiti.

Halafu kuna masikio yenyewe. Umri unapunguza usikivu kuanzia sauti nyembamba za juu, na huko ndiko ziliko s, f, t na k. Mzee anasikia irabu na ngoma, lakini kingo za maneno zimefutika. Ukimwongezea sauti unamwongezea ngoma, nayo inazidi kufunika mwimbaji. Dawa ni kusogeza spika. Kama haitoshi, ingia kwenye programu ya spika au ya simu, punguza besi kidogo na upandishe eneo la hezi 2,000 hadi 4,000. Sijui kwa nini watu hawajaribu hilo kabla ya kununua spika nyingine.

Kila kizazi kilitoka na chombo chake

Mwaka 1954 iliingia sokoni Marekani redio ya kwanza ya transista kuuzwa kwa umma, Regency TR-1, ya kutosha mfukoni. Kabla yake redio ya nyumbani ilikuwa kama kabati, na aliyeshika kitufe ni mwenye nyumba. Redio ya mfukoni ikampa kijana ruhusa ambayo hakuna aliyeitia saini: akatoka nje na muziki ambao wazazi wake hawakuutaka ndani. Mwaka 1963 Philips wakaleta kaseti, na redio kaseti za begani zikafuata. Sasa kijana hakusubiri mtangazaji; alirekodi, akapanga, akatoka na orodha yake. Julai 1979 Sony wakaanza kuuza Walkman, mashine ndogo ya kaseti ya kusikiliza kwa hedifoni, nchini Japani. Ile ya kwanza ilikuwa na matundu mawili ya hedifoni, pamoja na kitufe cha rangi ya chungwa kilichoshusha muziki ili watu wawili waliounganishwa nayo wasemezane kupitia maikrofoni yake. Walioitengeneza walidhani kusikiliza peke yako mbele ya mwenzako ni utovu wa adabu. Kitufe kile hakikudumu. Mwaka 2001 ikaja iPod, kichezea muziki cha mfukoni cha Apple, yenye nafasi ya nyimbo zipatazo 1,000, kisha simu ikameza vyote.

Nyumbani kwetu hesabu inakaa hivi: baba ni wa redio, mimi wa kaseti, binti wa simu. Baba amezoea kwamba wimbo huja wenyewe na huondoka wenyewe, unaungoja kama mvua. Mimi bado nasikia wimbo fulani ukiisha nikitazamia ule uliokuwa ukifuata kwenye kaseti, ingawa kaseti hiyo ilitafunwa na mashine zamani. Binti anajua jambo moja, kwamba wimbo usiomfurahisha unarukwa.

Hapo ndipo ugomvi unapoanzia, kuliko kwenye mitindo yenyewe. Mtafiti wa muziki Hubert Léveillé Gauvin alizichunguza nyimbo zilizoshika nafasi za juu Marekani kuanzia 1986 hadi 2015, akakuta utangulizi wa ala kabla ya mwimbaji kuingia umeshuka kutoka wastani wa zaidi ya sekunde 20 hadi kama sekunde 5. Kwa mtu aliyekulia kwenye sekunde 5, wimbo wa babu yake ni gari linalopasha injini bila kuondoka. Anauruka kabla mwimbaji hajafungua kinywa, na babu anaona amekatizwa yeye.

Kuhusu ladha yenyewe, mwaka 1989 watafiti Morris Holbrook na Robert Schindler waliwasikilizisha watu wa umri mbalimbali nyimbo za miaka tofauti, wakaona mapenzi yanafikia kilele kwa nyimbo zilizotamba msikilizaji alipokuwa na miaka 23 na nusu hivi. Utafiti wa mwaka 2013 wa Carol Lynne Krumhansl na Justin Zupnick ukaongeza jambo lililonifurahisha zaidi. Vijana wa karibu miaka 20 walikuwa na ukaribu wa pekee na nyimbo za ujana wa wazazi wao, na wimbi jingine dogo kwa nyimbo za miaka ya 1960, enzi za babu na bibi zao. Huenda nyimbo hizo ziliwaingia utotoni nyumbani, bila mtu kuzifundisha.

Kwa hiyo ukitafuta wimbo wa kufungulia siku yenye vizazi vitatu, usianze na wa mdogo wala wa mkubwa kabisa. Anza na ujana wa kizazi cha kati. Wazee waliusikia watoto wao wakiupiga, vijana waliusikia wazazi wao wakiupiga. Haijawahi kuniangusha, na nakiri kwamba kanuni hiyo inanipendelea mimi.

Redio au simu yenye spika

Redio ni ya wazee, wala hatujidanganyi, lakini ina sifa ambayo hakuna orodha ya nyimbo inayoifikia: lawama zinakwenda kwa mtangazaji. Ukipigwa wimbo mbaya hakuna ndugu aliyeuchagua, kwa hiyo wote mnaucheka pamoja. Haili bando, haihitaji simu ya mtu, na redio ndogo ya betri kavu inaweza kumaliza siku kadhaa za matembezi wakati spika nyingi za chaji zinakata pumzi baada ya saa 8 hadi 12, pungufu zaidi ukizikaza.

Kasoro zake mnazijua. Matangazo yanakatiza pale mlipoanza kucheza, na bondeni FM inakwaruza kwa sababu mawimbi yake husafiri moja kwa moja na kilima huyazuia. Binti yangu anasema redio inamfanya ajisikie yuko kwenye chumba cha kusubiri daktari. Mimi naibeba bado, ila kama akiba: mazungumzo yakishakolea na muziki ukawa wa kujaza pembeni tu, redio kwa sauti ya chini inatosha, na simu inapumzika.

Simu yenye spika inashinda kwa uhuru wa kuchagua, na kwa uhuru huohuo inaleta vurugu. Inashinda pia pale mnapotaka wimbo fulani hasa, kama baba anapokumbuka sauti ya tarumbeta fulani na hakumbuki jina la bendi. Kumtafutia wimbo mzee nje, simu mkononi, huku anakuimbia kipande chake na mnakosea mara nne kabla ya kuupata, ni burudani kuliko wimbo wenyewe.

Jambo moja la kiufundi linalowaumbua wengi: Bluetooth nje hukatika kuliko ndani. Ndani mawimbi yake hudunda kwenye kuta na kuifikia spika hata ukiipa mgongo. Nje hakuna ukuta wa kudundia, na mwili wa mtu, kwa kuwa umejaa maji, huyanyonya mawimbi hayo. Simu ikiwa mfuko wa nyuma nawe umeielekea spika, muziki unaanza kukata hata kwa mita chache. Iache simu juu ya meza.

Spika ndogo au spika kubwa

Hapa ndipo chombo kinapochagua upande waziwazi.

Nyimbo nyingi za zamani zilitengenezwa watu wakijua zitasikika kwenye spika ndogo. Motown, kampuni ya kurekodi muziki kule Detroit, Marekani, walijulikana kwa kupima nyimbo zao kwa spika ndogo ya aina ya redio ya gari kabla ya kuziachia. Uzito wa nyimbo hizo uko katikati, kwenye sauti ya mwimbaji, gitaa, tarumbeta na makofi. Zipige kwenye kispika cha ukubwa wa ngumi juu ya jiwe, zinafika salama. Wimbo wa sasa uliojengwa juu ya besi ya hezi 40 au 50 unafika umekatwa miguu. Kinachobaki ni milio myembamba ya ngoma za juu na mtu anayeguguna. Baba hakuwa amekosea. Nusu ya wimbo haikuwepo.

Kwa hiyo spika ndogo inawapendelea wazee, na spika kubwa ya kukokota kwa magurudumu inawapendelea vijana. Sioni dhuluma katika hilo ilimradi ijulikane. Mtu akikuambia muziki wa siku hizi hauna kitu baada ya kuusikia kwenye kispika kidogo uwanjani, hajausikia.

Spika kubwa ina gharama zake. Uzito ni mmoja; aliyeibeba kutoka garini hadi mtoni hasahau. Wa pili ni majirani wa matembezi. Besi haijui mpaka wa eneo lenu, inapita kwenye miti na mahema, na wanaoipata huko ni watu ambao hawakupewa wimbo, wamepewa mdundo tu. Ubaya wake unazidi jioni. Mchana ardhi ina joto na hewa ya juu ni baridi zaidi, hivyo sauti hupinda kuelekea angani. Jua likitua na anga likiwa tulivu mambo hugeuka: hewa ya karibu na ardhi hupoa kwanza, sauti hupinda kurudi chini na kwenda mbali. Kiwango ambacho hakikumsumbua mtu saa tisa alasiri kinafika ng'ambo ya pili saa mbili usiku, na hamjagusa kitufe.

Nikilazimika kuchagua kati ya spika moja kubwa na mbili ndogo za aina moja zinazoweza kuunganishwa pamoja, nachukua mbili ndogo bila kufikiri. Moja kwa wazee, moja kwa vijana, sauti ya chini pande zote mbili. Hakuna anayepigiwa kelele na hakuna anayekosa maneno. Zisiachane sana. Sauti huchukua kama sehemu moja ya kumi ya sekunde kusafiri mita 34, na ukiziweka mbali hivyo, aliye karibu na moja ataisikia nyingine kama mwangwi unaomkokota nyuma ya wimbo. Mita 10 kati yake hazina shida. Usijaribu kupiga wimbo uleule kwenye simu mbili tofauti mkihesabu "moja, mbili, tatu". Tumeshajaribu, na ilikuwa kama kwaya mbili zisizopatana.

Dukani, soma herufi IP. Tarakimu ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji. IP67 ina maana vumbi haliingii na inaweza kuzama mita 1 kwa dakika 30. IPX4 inastahimili marashio tu, na ile X inasema haikupimwa vumbi, kwa hiyo ufukweni mchanga ni hatari kwake kuliko maji. Betri zake za lithiamu hazipendi joto. Usiichaji spika ikiwa imepata moto kwa jua, na usiiache mbele ya kioo cha gari. Maandishi ya wati kwenye boksi yapuuze kidogo, kwani kuongeza wati mara mbili ni desibeli 3 tu, ambazo unaweza kuzipata kwa kusogea hatua mbili tatu.

Hedifoni: kila mtu na wake

Hedifoni haichukui upande wa mtu. Besi ya binti ipo yote, maneno ya babu yapo yote, majirani hawajui kitu. Kwa mtu anayetembea au kukimbia peke yake, sina haja ya kulinganisha, ni hiyo. Kwa watu waliotoka pamoja ni njia ya kukaa mbalimbali mkiwa mmegusana mabega.

Kuna uzuri mmoja ambao sitaki kuuacha, nao ni kugawana. Siku moja mimi na baba tulikaa kwenye benchi, kila mmoja na upande mmoja wa hedifoni zile ndogo, nikampigia wimbo wake wa miaka ya 1960. Akatikisa kichwa kwa raha. Mimi nikabaki na ngoma na tarumbeta, mwimbaji simsikii. Nikadhani kifaa kimeharibika. Kumbe santuri za stirio, zenye sauti ya pande mbili, zilipoanza kuuzwa mwaka 1958 na miaka iliyofuata, mafundi wengi walikuwa wakimweka mwimbaji upande mmoja mzima na ala upande wa pili. Ukigawana hedifoni kwa nyimbo hizo, mmoja anapata wimbo na mwingine anapata bendi isiyo na mwimbaji. Suluhisho limejificha kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya walemavu na mahitaji maalumu: kuna swichi ya sauti ya mono, inayochanganya pande zote mbili ziwe moja. Iwashe kabla ya kugawana. Nyimbo za sasa haziathiriki sana, kwa kuwa mwimbaji huwekwa katikati.

Hatari mbili. Barabarani, hedifoni zinazoziba sikio hukuficha magari na baiskeli. Zipo zisizoziba, zikiwemo za kupitisha mtetemo kwenye mfupa wa shavu, na kwa wanaokimbia kando ya barabara nazipendekeza hata kama besi yake ni maji matupu. Ya pili ni kiwango cha sauti. Nje kuna upepo na injini, na kidole kinapandisha sauti chenyewe. Shirika la Afya Duniani linaweka desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kuwa kikomo cha mtu mzima, na 75 kwa watoto. Kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu, hivyo kwa 90 umebakiwa na kama saa 4 kwa wiki nzima. Simu nyingi sasa hukuonyesha hesabu hiyo. Angalia ya mwanao, na angalia yako pia kabla hujamsema.

Hedifoni za kufuta kelele, zikipigwa na upepo, wakati mwingine huunguruma zaidi, kwa kuwa maikrofoni zake zinausikia upepo kama kelele ya kupambana nayo. Nyingi zina mpangilio wa upepo. La sivyo, zima ufutaji.

Gitaa na koo

Gitaa halina chaji na halikatiki mtu akigeuka. Linafika duara la watu kama kumi na si zaidi, nayo ndiyo faida yake: watu wanasogea. Linapendelea nyimbo zenye kiitikio kinachoshikika, na hizo kila kizazi kinazo. Wimbo wa binti wenye besi ya kutikisa vioo, ukiupiga kwa gitaa taratibu, unaonyesha kama una mifupa. Baadhi zinayo. Alipouimba ule wa funguo za mlango bila mashine yoyote, baba aliomba urudiwe.

Jua hulegeza na kukaza nyuzi, kwa hiyo mtu ajue kulitegesha upya kila baada ya muda. Gitaa la bei lisitolewe nje kwa jua kali. Gundi yake haipendi joto. Kama hakuna anayejua kupiga, usilibebe kwa matumaini.

Nani achague wimbo unaofuata

Chombo kikishapatikana, zimebaki njia tatu. Ya mtu mmoja kuamua yote ni nzuri kwa saa moja tu, kisha mwenye simu anaanza kuchukiwa. Ya kuiachia programu ichanganye ni mbaya kuliko inavyoonekana, kwani programu inachanganya kwa tabia ya mwenye simu, na babu anajikuta mgeni kwenye ladha ya mjukuu wake siku nzima. Nabaki na zamu: kila mtu nyimbo mbili, kisha simu inakwenda kwa anayefuata. Mbili, kwa sababu wa kwanza watu hawajauzoea. Wa pili ndio wanaousikiliza.

Sheria yetu ni moja, na iliombwa na baba: hakuna kuruka wimbo wa mwenzako kabla mwimbaji hajaanza. Binti alilalamika siku ya kwanza. Siku ya tatu akamuuliza, "Babu, hiki kipande cha mwanzo kinaitwaje, hiki chenye gitaa mbili?" Mzee akaeleza kwa nusu saa, na zamu yake ikampita.

Kabla ya kuanza zamu, washa kusawazisha sauti kwenye programu ya muziki. Nyimbo nyingi mpya zimebanwa zikae juu muda wote, za zamani hupanda na kushuka. Zikifuatana bila kusawazishwa, wa mzee unakuja kama mnong'ono, anaongeza, kisha wa binti unalipuka na kila mtu anamtazama binti. Kosa ni la kitufe.

Kwa hiyo, ubebe kipi?

Kama ni watu wachache wa umri mmoja na mnataka kucheza, bebeni spika kubwa, iegemezeni ukutani, na jua likitua ishusheni. Kama ni safari ya siku mbili pasipo umeme, redio ya betri pamoja na spika ndogo. Ukiwa peke yako, hedifoni. Kama kuna mpigaji mzuri, gitaa, hata kama kuna spika.

Kwa vizazi vitatu nachagua spika mbili ndogo za IP67 zinazounganishika, moja ikikaa mita moja au mbili kutoka kwa mzee kuliko wote, juu ya kitu, si kwenye nyasi. Fungueni kwa nyimbo za kizazi cha kati, kisha zamu. Nyimbo za vijana zenye besi nzito zipigwe upande wa spika iliyo ukutani, na kama binti anataka babu ausikie wimbo wake hasa, ampe hedifoni kwa dakika tatu, pande zote mbili, kwa sauti ya wastani. Baba alipopewa zake alifumba macho, akatulia, kisha akamwambia binti kwa sauti ya juu kupita kiasi, kama wafanyavyo wote wenye hedifoni masikioni: "Kumbe kuna besi humu!"